Jina Linaloitwa Mara Mbili

Katika nyumba ya dobi, watu hawakuitana majina.

Si kwamba hawakuwa nayo. Walikuwa nayo, mazuri tu, yameandikwa kwenye vyeti, na vyeti vilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi. Yalikaa humo kama nguo za sherehe ambazo hakuna anayezivaa. Binti wa miaka tisa aliitwa Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajamaliza kuota meno na hajanyamaza tangu siku hiyo. Mama yake, dobi mwenyewe, aliitwa Mama Chiriku. Baba yake alikuwa Dereva, kwa kuwa aliendesha lori la saruji na kulala nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Na Bibi, aliyemzaa Mama Chiriku, alikuwa Bibi, basi.

Hata wateja hawakuandikwa majina. Kila nguo ilitiwa alama ya uzi ndani ya kola. Uzi mwekundu ni mwalimu. Uzi wa kijani ni muuza dawa. Uzi mweusi ni jirani wao, mama wa makamo aliyefanya kazi kwenye jumba la nyaraka, mahali panapotunzwa makaratasi ya serikali za zamani. Makoti yake ya kazi yalitoa maji ya rangi ya majivu kila wiki, wakamwita Shangazi Vumbi. Hakukasirika.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ni vumbi tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni."

"Vumbi la watu waliokufa," Bibi alinong'ona jirani alipotoka. "Suuza mara tatu."

Mara tatu. Ndani ya nyumba ile hesabu ilikuwa tatu, kwa sababu ya sheria ya Bibi. Sheria ilikuwa hivi. Ukisikia jina lako la kweli linaitwa, usiitike. Likirudiwa, usiitike. Likiitwa mara ya tatu, hapo itika, maana huyo ni mtu.

"Na anayeita mara mbili ni nani?" Chiriku aliuliza.

"Si mtu."

"Ni nini sasa?"

"Kunja soksi."

Bibi alifundisha kwa vitendo. Alikuwa akitoka nje, anasimama nyuma ya dirisha, anafanya sauti yake nzito kama ya mwanamume, kisha anaita jina la mtoto. Mtoto akiitika, anafinywa. Mama Chiriku alifinywa hivyo utoto wake wote, mpaka ulimi ukajifunza kulala. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na ulimi ulikuwa bado umelala.

Wangeweza kuishi hivyo mpaka mwisho. Shida ilianza na jicho.

Jicho la kushoto la Chiriku liliota weupe katikati, kama tone la wanga lililokauka juu ya kitambaa cheusi. Alianza kugonga milango kwa bega. Alimwaga chai akidhani ameilenga meza. Wakampeleka hospitali.

"Mtoto wa jicho," muuguzi alisema.

"Huo si ugonjwa wa wazee?"

"Hata watoto hupata. Daktari wa upasuaji huja hapa kila baada ya miezi mitatu. Msichelewe, mama. Jicho la mtoto lisipotumika, ubongo hulisahau. Likishasahauliwa, hata tukilisafisha halitaona vizuri tena."

Daktari alipokuja, walifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi wa zamu alitoka na karatasi, akasoma majina haraka haraka. Likafika jina la Chiriku.

Mama alilisikia. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukaziba mdomo wa mtoto. Muuguzi akaita tena. Mama akangoja la tatu. Muuguzi akaweka alama kwenye karatasi, akaita mtu mwingine.

Saa nane mchana Mama alijitokeza mlangoni.

"Nimeita mara mbili!" muuguzi alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Hapo kwenye benchi."

"Masikio unayo?"

"Ninayo."

"Basi yafue. Orodha ya leo imejaa."

Benchi zima lilicheka. Mama Chiriku aliondoka kichwa chini, hakusema kwamba yeye kufua ndiyo kazi yake.

Miezi mitatu ikapita. Safari hii alijiapia ataitika. Alijizoeza mbele ya kioo: naam, naam, naam. Siku ilipofika, jina liliitwa na koo likafunga kama mdomo wa gunia uliokazwa kamba. Chiriku alimtazama kwa jicho lake moja, akingoja ruhusa. Ruhusa haikuja. Karatasi ikawekwa alama.

Dereva alirudi Jumamosi akasikia habari, akatupa kofia.

"Mara ya pili hii! Mnamngoja nani awaite, malaika?"

"Nenda nawe mara ya tatu," Bibi alimjibu.

"Na lori ataliendesha nani, Bibi? Wewe?"

Weupe kwenye jicho ulikuwa umeshaenea.

Ijumaa moja, zaidi ya miezi miwili baadaye, alfajiri, Mama Chiriku alitoka jikoni kwenda kuwasha moto wa kuchemshia maji. Ukungu ulikuwa umeshuka uani. Shuka arobaini za nyumba ya wageni zilikuwa kwenye kamba tangu jana, zimelowa, hazitikisiki.

Akasikia sauti ya mwanamume.

Iliita jina. Ikanyamaza kidogo. Ikaita jina lile lile. Lilikuwa jina la kizamani, la aina ambayo watu hawawapi watoto siku hizi. Kisha likaja jina lingine, mara mbili. Na lingine. Sauti haikuwa na haraka, haikuwa na hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma. Yalikuwa majina sita asiyoyajua, kila moja mara mbili.

La saba lilikuwa la Chiriku.

Kibiriti kilimdondoka. Aliingia katikati ya shuka. Zilisimama mistari kwa mistari, kama watu waliopangwa. Kila alipofunua moja, alikuta nyingine, na sauti ilikuwa upande wa pili. Akainama. Chini ya shuka ya mwisho aliona miguu miwili, peku, juu ya zege baridi.

Akaivuta shuka.

Alikuwa Bibi. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yakitazama kitu. Mdomo wake ukafunguka, na ndani yake ikatoka ile sauti nzito, ikaita jina la mjukuu wake mara ya pili. Halafu Bibi akageuka, akapita kando ya binti yake kana kwamba hapana mtu, akarudi kitandani. Muda wote ule alikuwa usingizini.

Mama Chiriku alikimbilia chumba cha mtoto. Chiriku alikuwa ameketi, kiganja chake mwenyewe kimeziba mdomo.

"Sikuitika, mama."

"Umeshawahi kuisikia?"

"Ijumaa nyingine huita, nyingine haiti. Nimeyaandika." Akatoa daftari la shule chini ya mto. Majina saba, kwa mwandiko wa mtoto, yamepangwa kwenda chini. "Kila mara ni haya haya. Kila mara mimi ndiye wa mwisho."

Bibi alipoamka na kusomewa, alikaa kwenye kiti cha kupigia pasi bila kunyanyuka.

"Mama yangu naye alikuwa akiita usingizini," alisema baadaye. "Nikadhani yataishia kwake. Kumbe yamehamia kwangu."

"Ni majina ya nani?"

"Sijui. Sikuuliza, ningefinywa. Lakini umesikia la mwisho? Mtoto anaitwa. Nyumba nzima ya watu ilikwisha kwa kuitwa, hilo mama aliniambia. Huko hospitali hapelekwi tena. Bora jicho moja kuliko mtoto mzima."

Mama Chiriku alilichukua daftari, akalifungua juu ya meza ya pasi. Alijua orodha ya tatu ya daktari ilikuwa wiki mbili mbele. Alijua pia kwamba Bibi akikaa mlangoni siku hiyo, yeye hatakuwa na nguvu ya kumvuka.

Jioni ile ile Shangazi Vumbi alikuja kuchukua makoti. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza ya pasi. Alilitupia jicho kama mtu anavyotazama gazeti la mwenzake, akiendelea na mzaha wake kuhusu bosi. Mzaha ukakatikia njiani. Akavaa miwani. Akasoma kwa kidole, kutoka juu kwenda chini.

"Nani amekupeni haya?"

"Kwani vipi?"

"Nimeyaona. Majina saba, kwa mpangilio huu huu. Yamo kwenye kitabu kazini kwangu, na kitabu hicho kilikuwa kimefungwa kamba mpaka mwaka jana nilipoikata mwenyewe." Akavua miwani. "Jamani, nywele zimenisimama."

Pasi ilikuwa imeachwa juu ya shati la muuza dawa. Harufu ya kuungua ndiyo iliyowarudisha.

Jumatatu walikwenda wote watatu, Bibi, binti yake na mjukuu. Bibi alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kukiona kitabu kabla hakijamwona mtoto. Alisema hivyo hasa.

Jumba la nyaraka lilikuwa na baridi ya kisimani. Rafu zilifika darini. Shangazi Vumbi aliwaongoza akiwa amevaa koti lake, na Mama Chiriku akaona ule uzi mweusi ndani ya kola. Ulimpa moyo kidogo. Walau huo aliutia kwa mkono wake.

Kitabu kilikuwa kipana kama ubao wa kufulia. Shangazi Vumbi alikifungua kwa mikono miwili.

"Miaka zaidi ya mia moja iliyopita," alisema, "nchi ilikuwa na watawala waliotaka reli. Watu wa kuijenga hawakuwapo, na kuwalipa hawakutaka. Wakatunga sheria: kila mtaa utoe watu wa kazi ya shuruti. Wanaume wakavunje mawe, wanawake na wasichana wakachote maji. Wasimamizi walipita alfajiri, nyumba hadi nyumba, na kitabu kama hiki. Walikuja siku ya Ijumaa. Sikilizeni agizo lililoandikwa ukurasa wa kwanza."

Akasoma: "Kila jina liitwe mara mbili mbele ya mlango. Anayeitika achukuliwe. Asiyeitika aandikwe hayupo, na msimamizi asipoteze muda."

Mama Chiriku alishika ukingo wa meza.

"Mara mbili," alisema.

"Mara mbili. Kitabu kilikuwa kirefu. Anayeita mara ya tatu hakuwa msimamizi. Alikuwa jirani, ndugu, mtu wa kawaida."

"Mtu," alisema Bibi.

"Ndiyo, Bibi. Mtu."

Akafunua ukurasa. Nyumba moja, watu saba. Baba, ndugu zake wawili, vijana wake watatu, na binti. Mbele ya majina sita palikuwa na neno moja: *ameitika*. Baadaye, kwa wino wa rangi nyingine, mtu alikuwa ameongeza msalaba mdogo kwenye kila moja.

"Walidhani ni kazi ya siku chache," Shangazi Vumbi alisema. "Walikuwa watu watiifu. Msalaba maana yake hakurudi."

"Na wa saba?" Mama Chiriku aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yameshafika.

Mbele ya jina la Chiriku paliandikwa: *hayupo*.

Bibi alitazama kwa muda mrefu herufi asizoweza kuzisoma.

"Ni bibi yangu," alisema. "Mama wa mama yangu. Mimi ndiye niliyempa huyu mtoto jina lake. Alikuwa chini ya kitanda, sivyo? Amejiziba mdomo."

"Kitabu hakisemi, Bibi. Kinasema tu hayupo."

"Mimi nasema. Alikuwa chini ya kitanda akiwasikia wakiitika mmoja mmoja. Mwisho akasikia la kwake." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ndiyo maana tupo."

Mahali fulani nyuma ya rafu karatasi ilijikunjua yenyewe, kama karatasi za zamani zifanyavyo. Chiriku peke yake ndiye aliyeruka.

"Shangazi, na hao wasimamizi watarudi?"

"Njoo uone." Shangazi Vumbi alifunua kurasa za nyuma, nyingi kwa pamoja. "Huu ni mwaka wa tatu wa reli. Soma."

Chiriku akainama kwa jicho lake zima. "Hayupo. Hayupo. Hayupo. Hayupo." Akafunua. "Hayupo. Shangazi, ukurasa mzima!"

"Mtaa mzima uliamua kunyamaza. Wakaita, nyumba zikakaa kimya kama makaburi, na watu wote walikuwa ndani. Reli ikalala. Waliokuwa wanajua kuandika wakapeleka barua kwenye magazeti. Wafanyakazi waliokuwa kambini wakagoma. Kesi zikafunguliwa. Ilichukua miaka mingi, na watu walipigwa na kufungwa. Mwisho sheria ikafutwa, na baadaye watawala wenyewe wakaondoka. Kunyamaza kwenu kulisaidia kuivunja sheria ile. Msikuonee haya."

"Sasa mbona unatuambia tuache?" Bibi aliuliza kwa ukali.

"Sijasema mwache. Naongeza jambo. Siku zile jina likiandikwa, ni kwa ajili ya kukuchukua. Leo muuguzi analiandika ili mtoto apate daktari. Mwalimu analiandika ili apate kiti. Orodha bado ni orodha, Bibi, ila kazi yake imegeuka. Na kama humwamini anayeita, kuna dawa bora kuliko ukimya. Itika, halafu uliza: nani anaita, na ananiitia nini? Kuitika si kutii. Ukishaitika bado unaweza kukataa. Usipoitika, huwezi hata kuuliza."

"Na mtu ambaye koo lake linafunga?" Mama Chiriku aliuliza polepole.

"Amwambie muuguzi mapema. 'Dada, mimi nina shida ya kuitika, nitakaa hapa mbele, niguse bega.' Si aibu. Aibu ni jicho kupotea kwa sababu ya jambo la kusema kwa pumzi moja."

Mama Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Miezi sita, na hakuwahi kulifikiria hilo.

Bibi alivuta kiti, akaketi mbele ya kitabu, akanyoosha gauni lake.

"Yasome," alisema. "Kwa sauti. Kama walivyoita wao."

Shangazi Vumbi akasoma jina la kwanza.

"Naam," Bibi akaitika.

Akasoma la pili. "Naam." Yote sita Bibi aliyaitikia kwa niaba ya wenyewe, na kila alipoitika alipiga meza kwa kiganja, vumbi likaruka. Lilipofika la saba, Shangazi Vumbi aliliita mara mbili. Bibi akafunga mdomo. Machozi yalishuka lakini mdomo haukufunguka.

"Huyo mwacheni," alisema mwishoni. "Huyo alikuwa sahihi." Akamvuta mjukuu wake karibu. "Lakini wewe ni mwingine. Wewe ukiitwa, itika."

"Mara ya ngapi, Bibi?"

"Ya kwanza, wewe domo! Siku zote unasema usipoulizwa, utashindwa kusema ukiulizwa?"

Ijumaa iliyofuata Mama Chiriku aliamka mapema akasimama uani katikati ya shuka, akingoja. Sauti haikutoka nje. Ilitoka chumbani kwa Bibi, chini chini. Iliita jina la kwanza mara moja. Kisha Bibi yule yule, usingizini, kwa sauti yake ya kila siku, akajibu: naam. Ikawa hivyo mpaka la sita. La saba halikuitwa. Mama Chiriku alingoja mpaka jua likapanda na shuka zikaanza kutoa mvuke, akaenda kuwasha moto.

Siku ya daktari walikaa benchi la mbele. Mama Chiriku alikuwa ameshamweleza muuguzi, yule yule wa masikio, naye alimsikiliza mpaka mwisho bila mzaha. "Nitakugusa bega," aliahidi. Bibi alikuwapo pia. Alikaa katikati yao, mikono ameikalia, ili isije ikafanya mambo yake.

Jina likaitwa.

Mama Chiriku alisikia koo likianza kukaza. Muuguzi alinyanyua mkono aje kumgusa. Hakuwahi.

"NAAM!" Chiriku alipiga ukelele, mzee mmoja mwishoni mwa benchi akaangusha fimbo yake. "Nipo! Nani anaita, na ananiitia nini?"

"Naita mimi, muuguzi," alijibu yule dada akijizuia kucheka. "Nakuitia jicho lako. Unakubali?"

"Nakubali."

Wakampasua siku ile. Akawekewa kioo kidogo ndani ya jicho, na baadaye akapewa miwani. Kwa miezi kadhaa alizibwa jicho la kulia, lile zima, kila siku saa chache, ili lile la kushoto lifanye kazi na ubongo ulikumbuke. Alilalamika kila siku, na kila siku Bibi alimziba. Daktari alisema wameponea chupuchupu. Miezi mitatu mingine, na asingeahidi kitu.

Siku moja mchana, Mama Chiriku akipiga pasi, Chiriku alichukua daftari lake la zamani. Jicho zima lilikuwa limezibwa. Alisoma majina kwa jicho la kushoto tu, polepole, pua ikikaribia karatasi. Alisoma sita. Akasoma la saba.

"Wa saba ni mimi," alisema.

"Wa saba ni yeye," Bibi alimjibu kutoka kwenye rundo la soksi. "Wewe ni wa nane. Andika."

Chiriku akalamba ncha ya penseli. Chini ya jina la saba akaandika jina lile lile, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo. Halafu akafikiri, na mbele yake akaongeza neno moja.

Mama Chiriku aliweka pasi pembeni, akaja kuchungulia begani kwake.

*Yupo.*